Mukono wa kuume nao uende masomo



Wapiga gitari wetu wanajifunza paka mukono wa kushoto: akordi hii, akordi ile. Mukono wa kuume wanauacha ujipigie. Basi wimbo wa mwendo wa farasi ukianza, taa-ta-ta, taa-ta-ta, gitari inakimbia ovyo na wadogo wa kwaya wanakosa pumzi.

Sababu ni nini? Wanapiga chini, chini, chini, kwa nguvu ya bega. Mukono unakauka, hesabu inapotea, uzi unakatika. Na uzi hauokotwi barabarani!

Dawa iko: sauti ndefu piga chini, zile mbili fupi, chini na juu. Kazi ifanywe na kifundo cha mukono. Anza polepole, muguu ukihesabu.

Hata mchezo wa video Guitar Hero, uliotoka mwaka 2005, unaonyesha hilo. Gitari yake ya plastiki haina nyuzi, lakini kibao chake kinasukumwa chini na juu. Mwenye kusukuma chini tu anachoka mbele ya wengine.

Wengine watasema: muziki ni zawadi. Ndiyo. Lakini Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, kila kimoja na kazi yake. Zawadi bila mazoezi haiongozi kwaya.

Kwa hiyo, mbele ya akordi mpya, tupatie mukono wa kuume dakika 10 kila siku. Wadogo wataimba mpaka mwisho.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la sita