Fidla za Cremona na Wenye Fedha: Madai Manne Yasiyosimama

Zikitajwa fidla za Antonio Stradivari, wengi huanza na fundi mwenye kipaji na kumalizia na matajiri walioifungia kazi yake kabatini. Tuyapime madai yenyewe.

“Fundi alijitegemea, matajiri walikuja baadaye.” Walikuwapo tangu mwanzo. Andrea Amati, fundi wa Cremona aliyefariki 1577, alitengeneza ala zenye nembo ya Charles IX wa Ufaransa zilizochorwa mgongoni. Stradivari naye, mwaka 1690, alimtengenezea mwanamfalme Ferdinando de' Medici seti nzima ya ala, kwa agizo la kabaila Bartolomeo Ariberti. Bila wateja wa aina hiyo, karakana za Cremona zingekosa kazi kubwa.

“Wakusanyaji walificha tu.” Katika miaka ya 1775 na 1776, kabaila kijana Cozio di Salabue alinunua mabaki ya karakana kwa Paolo Stradivari, mwana wa fundi, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Zilikuwamo kalibu za mbao zilizotumika kukunjia mbavu za fidla, pamoja na vielelezo vya karatasi. Cozio hakuishia kuhifadhi: alipima ala moja moja na kuandika vipimo, rangi ya vanishi na maneno ya lebo. Mwaka 1920 fundi Giuseppe Fiorini alivinunua vifaa hivyo kwa warithi wa Cozio, na 1930 akaukabidhi mji wa Cremona. Mafundi wa leo hujifunza kutokana navyo.

“Basi walizitunza zilivyokuwa.” Hapa watetezi wao nao huzidisha chumvi. Cozio mwenyewe aliwapa mafundi ala za kale wazifanyie marekebisho. Hata fidla ya Stradivari iitwayo “Messiah”, ya 1716, inayosifiwa kwa kutochakaa, ilirefushwa shingo na kuwekewa vigingi vipya na fundi Jean-Baptiste Vuillaume wa Paris. Anayeitazama leo Oxford anaona vanishi ya Stradivari, lakini pia mkono wa Vuillaume.

“Ubora wenyewe ndio uliopandisha bei.” Ubora ulikuwapo muda wote, ila katika karne ya 18 wanunuzi wengi walizipenda zaidi fidla za Amati na za Jacob Stainer wa Tyrol. Mambo yalianza kugeuka mpiga fidla Viotti alipopiga Stradivari mbele ya watu wa Paris, mwaka 1782. Kisha Luigi Tarisio akawa anazisaka fidla kuukuu Italia na kuzipeleka Paris. Alipofariki 1854, Vuillaume aliwahi kwa warithi wake na kununua shehena yote, “Messiah” ikiwamo, kwa takriban faranga 80,000. Aliyezipiga, aliyezisaka na aliyezinunua wote walichangia bei hiyo. Mwenye kuutaja ubora peke yake hajaeleza kwa nini ulisubiri zaidi ya miaka arobaini tangu Stradivari afariki, mwaka 1737, ndipo uthaminiwe hivyo.