Tuwanunulie wazee vipanya vya vitufe viwili

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mnaosoma ukurasa huu wenyewe au mnaosomewa: kamati ya shule inataka kununua vifaa vya kile chumba cha nyuma ambamo wazee wetu huketi Jumamosi wakisubiri darasa liishe. Kompyuta za mpakato nne tumeshazipata, mbili za Windows na mbili za Apple. Linalobishaniwa sasa ni dogo kwa kulitazama. Wapo wanaosema wazee watumie padi ya kugusa iliyo chini ya kibodi, kwani ndiyo waliyonayo nyumbani. Wapo wanaotaka vile vipanya vyeupe vya Apple, vilaini kama sabuni, ambavyo havina kitufe hata kimoja cha kuonekana. Mimi nasema tununue vipanya vya kawaida, vya waya, vya bei ya chini, vyenye vitufe viwili ambavyo jicho linaviona na kidole kinavisikia. (Kwa waliokulia Dar es Salaam: kipanya ninachosema si ile Hiace ya abiria.)

Kwa nini nilishikilie jambo hili? Kwa sababu hapa Uingereza karatasi zetu zimehamia kwenye skrini. Zile kadi za ukaaji za plastiki tulizozoea kubeba kwenye pochi, nyingi zilikwisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024, na ruhusa ya kuishi na kufanya kazi sasa huonyeshwa mtandaoni. Mwajiri akitaka kuithibitisha, unaingia kwenye tovuti ya serikali, unatoa namba maalumu, unainakili, unaibandika kwenye barua pepe. Kunakili na kubandika: mambo mawili ambayo mtu wa kawaida huyafanya kwa kitufe cha pili cha kipanya. Asiyeweza humpa mtoto wa miaka kumi na miwili pasipoti, barua pepe na neno la siri. Mtoto anajua mama analipwa kiasi gani kabla mama hajaamua kumwambia. Au mama humlipa mtu wa mtaani kwa kazi ya dakika tano. Yote mawili nimeyaona, tena si mara moja.

Ubishi wa vitufe si wetu peke yetu. Umekuwepo tangu kipanya chenyewe kizaliwe. Douglas Engelbart alipokionyesha hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968, kilikuwa na vitufe vitatu. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa na Xerox mwaka 1973, nayo ilikuwa na vitatu. Wataalamu hawakuona tabu, maana wao walikuwa wataalamu. Apple walipokuwa wakiunda kompyuta yao ya Lisa, iliyotoka 1983, walijaribu kuwakalisha mbele yake watu ambao hawajawahi kushika kipanya. Larry Tesler, aliyekuwa ametoka Xerox, alikuwa miongoni mwa waliosimamia hoja kwamba mgeni akiwa na vitufe viwili husita, hajui abonyeze kipi. Basi wakaweka kimoja. Macintosh ya 1984 ikafuata hivyo hivyo.

Na mimi nakubali kwamba kwa siku ile walikuwa na haki. Mtoto wa chekechea, au bibi katika nusu saa yake ya kwanza, hahitaji zaidi ya kimoja. Hakuna cha kukosea.

Lakini kitufe kimoja kina gharama, na watu huisahau. Kazi ilikuwa nyingi, kitufe ni kimoja, kwa hiyo ikabidi kitufe hicho kibonyezwe kwa namna tofauti: mara moja kuchagua, mara mbili upesi upesi kufungua. Muulizeni mzee yeyote mwenye mkono unaotetemeka ni kipi kilichomshinda kwenye kompyuta. Atakwambia ni kubofya mara mbili. Kati ya bofyo la kwanza na la pili mkono unasogea, na badala ya faili kufunguka, linaburutwa hadi pembeni. Kisha Apple wenyewe walipohitaji menyu ya ziada wakaiweka nyuma ya kitufe cha Control kwenye kibodi: shika huku, bofya kule. Hapo usahili umekwenda wapi? Umehamia mkono wa pili tu.

Microsoft walitoa kipanya chao cha vitufe viwili mwaka huo huo wa 1983, lakini kitufe cha pili kilipata kazi ya kueleweka na watu wa kawaida Windows 95 ilipokuja. Kwa maoni yangu huo ndio mpango ulio rahisi kumfundisha mtu: kitufe kimoja ni cha kutenda, cha pili ni cha kuuliza. Unakibonyeza juu ya kitu na kitu kinakujibu, "Unaweza kuninakili, kunikata, kunipa jina jipya, kunifuta." Asiyejua kitu ndiye anayehitaji kuuliza. Kwa hiyo kitufe hiki ni cha bibi kuliko kilivyo cha mtaalamu, ambaye njia za mkato za kibodi anazo kichwani.

Apple nao walikubali mwaka 2005, ila kwa haya. Kipanya chao cha mwaka huo kilikuwa gamba moja lisilo na mgawanyiko, na ndani yake kilihisi kidole kiko upande gani. Ili upande wa pili ufanye kazi, kidole cha kwanza ilibidi ukiinue kabisa. Mwaka 2008 kompyuta zao za mpakato zikaanza kutoka bila kitufe chochote chini ya padi, na kuanzia 2015 padi haishuki kabisa ukiibonyeza. Inatikisika kidogo tu, kidole kikadhani kimebonyeza kitu. Ni ufundi mzuri sana. Na kompyuta za kampuni nyingine nyingi nazo zimekuwa kibao kitupu: bonyeza kona ya chini ya kulia, au gusa kwa vidole viwili, itategemea mashine. Vitufe viwili bado vipo, ila vimefichwa, na mzee anaambiwa abonyeze kitu asichokiona. Akiweka vidole vyake viwili kwa kupumzika tu, menyu inamrukia. Anadhani ameharibu. Anainua mikono juu na kumwita mjukuu.

Nimesikia hoja kwamba wazee wetu wamezoea simu, basi padi itakuwa rahisi kwao. Simu wanaijua kweli, na hilo litusaidie. Kila bibi wa shule hii anajua kwamba kwenye WhatsApp ukiushikilia ujumbe kwa kidole, yanatokea mambo ya kufanya: kufuta, kuusambaza kwa mwingine, kuuwekea nyota. Mwambieni kitufe cha pili cha kipanya ni kule kushikilia ujumbe. Nimemweleza hivyo mama mmoja wa Tanga, na hakuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo vipanya vya vitufe viwili kwenye mashine zote nne. Vinafanya kazi kwenye Apple kama kwenye Windows, kitufe cha pili kikiwemo, ingawa kompyuta mpya za Apple huenda zikahitaji kiunganishi kidogo cha waya. Kubofya mara mbili kusiwe somo la wiki ya kwanza. Kwenye Windows unaweza kulichagua faili kwa bofyo moja kisha ukabonyeza Enter, nalo likafunguka. Kwenye Apple msifanye hivyo, kwani Enter hubadilisha jina. Huko ni Command pamoja na O. Au hata hayo yaacheni: kitufe cha pili, kisha neno la kwanza kwenye menyu ambalo mara nyingi ni "Open". Neno moja la Kiingereza la kukariri, basi.

Sasa nyinyi watoto. Mnapomfundisha bibi, mikono yenu ikae chini ya mapaja. Nasema kweli. Ukimnyang'anya kipanya na kumaliza kazi kwa sekunde tatu, umefanya kazi yake, hujamfundisha, na wiki ijayo atakuita tena. Wewe sema tu, na useme kwa Kiswahili, maana ndiyo sababu tunakuja hapa. Usimwambie "right-click". Lakini na "bofya kulia" nayo ina vituko vyake. Mtoto mmoja alimwambia hivyo bibi yake, na bibi akajibu, "Kulia nini tena, mjukuu wangu, kafa nani?" Tukacheka wote. Lugha yetu imeweka kulia kwa machozi na mkono wa kulia, ule wa kulia chakula, katika neno moja.

Pendekezo langu ni kutumia majina ya vidole. "Bibi, bofya kwa kidole cha shahada." "Sasa bofya kwa kidole cha kati." Majina hayo bibi anayajua kuliko wewe, na huenda akakufundisha na yaliyobaki. Yanawafaa pia watu wa shoto. Babu akishika kipanya kwa mkono wa kushoto, nenda kwenye mipangilio ya kipanya na ubadilishane vitufe kabla hajakaa, maana hapo "kushoto" na "kulia" vinageuka na maelezo yote yanavurugika. Vidole havigeuki: cha shahada bado ni cha kutenda, cha kati bado ni cha kuuliza. Kikao cha kamati ni Jumamosi ijayo baada ya chai, na anayependelea padi aje nayo tuijaribu pamoja na wazee wenyewe.