Sidiria za wanaonyonyesha zina soko

Tangu mwaka 2003 viwango vya TBS vinakataza nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwamo. Kwa hiyo mchuuzi wa Nyarero, Tarime, hana budi kuuza mpya. Lakini anayebeba dazani bila kuchagua saizi anajitafutia mzigo wa kudoda.

Mjamzito hupanuka kifua na mgongo. Akijifungua, maziwa humbadilisha tena. Sidiria inayobana, hasa ya waya, inaweza kuzuia maziwa na kuleta uvimbe. Mteja huyo harudi, na shoga zake anawaambia.

Zinazomfaa ni za pamba, mikanda mipana, vikombe vya kufungua mbele. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Hiyo si biashara ya msimu. Mchuuzi aanze na nusu dazani za saizi tofauti, na futikamba ya kumpimia mteja.