Kilichofunikwa kwenye picha hakijafutwa



Kwa mwezi mmoja, mama saba wa kikundi chetu tumejaribu programu ya simu ya kutengenezea picha kwa matabaka. Tumeitumia kwa afishi za soko, mialiko ya ndoa na picha za mikutano. Leo tunawaletea maoni yetu, na jambo moja lililotushtua.

Tabaka ni nini? Chukua picha, weka juu yake plastiki inayopitisha mwanga iliyoandikwa bei, kisha nyingine yenye namba ya simu. Ukitazama kutoka juu unaona kitu kimoja, lakini kila plastiki inaweza kuondolewa peke yake. Programu inafanya vivyo hivyo. Kwenye kompyuta, Photoshop ilipata matabaka mwaka 1994. Leo tunayo kwenye simu zetu.

Faida tumeiona. Mama anayeuza vitenge alikuwa anaanza afishi upya kila bei ilipobadilika. Sasa anagusa tabaka la bei tu, anaandika nyingine, kazi imekwisha.

Matatizo pia yapo. Matangazo yanakula mega. Kila tabaka linachukua nafasi kwenye simu, kwa hiyo simu ndogo yenye matabaka mengi inajifunga ghafla na kazi inapotea. Tena programu haina Kiswahili. Mmoja wetu alibonyeza « Fusionner » akidhani ni kuhifadhi, kumbe ni kuunganisha matabaka yote kuwa moja. Alipotaka kusahihisha tarehe ya ndoa kesho yake, haikuwezekana tena.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya posho tulipiga picha ya wasichana wanaojifunza kushona kwetu. Wawili kati yao, hatutaki watu wajue wanakaa wapi. Tulifunika nyuso zao kwa rangi nyeusi, tukamtumia mama mwenzetu kazi yote pamoja na matabaka yake ili asahihishe maandishi. Alipogusa tabaka jeusi kwa bahati mbaya, likaondoka. Nyuso zote mbili zikaonekana wazi! Kwa bahati njema picha ilikuwa haijafika mbali.

Tukajaribu tena kwa kalamu ya rangi ambayo haikuwa nzito kabisa. Kwa macho, uso ulikuwa mweusi. Tulipoongeza mwangaza wa picha, macho na mdomo vikaanza kujitokeza. Tulinyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu alikumbuka picha alizokwisha kutuma.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi:

1. Kazi yenye matabaka inabaki kwa aliyeitengeneza. Inayotumwa ni picha ya kawaida, ya JPEG, ambayo matabaka yake yameunganishwa.

2. Uso unafunikwa kwa umbo lenye rangi nzito kabisa, si kwa kalamu inayopenyeza. Kabla ya kutuma, ongeza mwangaza ujipime mwenyewe.

3. Ya kwanza, ambayo haijafunikwa, isikae kwenye simu inayozunguka mikononi mwa watoto na majirani.

4. Lililo bora kuliko yote: piga picha ya mikono, cherehani na kitambaa. Uso ambao haukupigwa hauwezi kufunuliwa. Na hata kwa mikono, mwombe ruhusa mwenyewe, na mzazi wake kama ni mtoto.

Mwisho, tumewaandikia watengenezaji wa programu. Mwanzoni tuliandika tu kwamba programu ni mbaya, kisha tukafuta. Mwanafunzi akisema « sielewi » bila kuonyesha zoezi, mwalimu atamsaidiaje? Tukaandika upya: aina ya simu, kitufe tulichobonyeza, kilichotokea, na tunachoomba. Tumeomba Kiswahili, na onyo kabla ya matabaka kuunganishwa au kazi kutumwa na matabaka yake. Nanyi mkiandika, andikeni hivyo.

Wakijibu tutawaeleza. Lakini tusingoje jibu lao. Leo jioni, kila mama afungue simu yake na kutazama picha alizofunika nyuso za watu. Zile za watoto wa wenzetu tuanze nazo.

Tuonane juma lijalo.