Cheni Ikilia, Usiseme "Ni Uzee wa Gari"



Mwezi huu tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye si mtoto wala mzee, bali ni gari. Huku kwetu Katonga gari moja chakavu huhudumia watu wengi. Mchana hubeba dagaa kwenda Kigoma mjini. Usiku mwenyewe hugongewa mlango ampeleke mama mwenye uchungu Hospitali ya Maweni. Gari hilo likizimika mlimani gizani, walio hatarini ni mama na mtoto wake.

Mjane mmoja alituuliza juu ya pikapu yake, Toyota Hilux ya miaka ya 1980 yenye injini ya petroli ya 22R. Kila asubuhi akiiwasha ililia kama mnyororo unaoburutwa ndani ya ndoo. Aliambiwa, "Mama, gari la zamani ndivyo lilivyo." Sisi wauguzi tunalijua neno hilo. Mzee akikohoa huambiwa ni uzee, kumbe ni kifua kikuu.

Mlio huo mara nyingi hutoka kwenye cheni ya taimingi, iliyo mbele ya injini. Kazi yake ni kuzifanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Cheni hulainishwa na oili ya injini, na kikazio chake husukumwa na nguvu ya oili hiyo hiyo. Pembeni kuna miongozo inayoizuia isicheze. Katika 22R nyingi miongozo hiyo ni ya plastiki, nayo huvunjika kwa uzee. Hapo cheni hulegea, ikakwaruza kifuniko chake mpaka ikakitoboa, na maji ya rejeta yakaingia kwenye oili. Cheni ikiruka meno au kukatika, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Dalili tuzipime hivi:

1. Mlio wa sekunde moja au mbili asubuhi, kisha kimya: oili ilikuwa imeshuka usiku. Anza kufuatilia.

2. Mlio unaoendelea hata injini ikipata moto: mpeleke mgonjwa kwa fundi, usingoje.

3. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Usiwashe tena.

Kabla ya yote pima oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti. Oili ikipungua, kikazio hukosa nguvu. Fundi naye anaweza kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko na mpini sikioni, kama sisi tunavyosikiliza moyo wa mtoto tumboni. Ninyi kaeni mbali na feni. Haina huruma kwa kitenge wala kilemba.

Wapo wanaoshauri kutia oili nzito ili kelele ipungue. Hiyo ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kuacha jipu ndani. Dawa ni kubadilisha vyote kwa pamoja: cheni, magurudumu yake ya meno, miongozo, kikazio na gasketi. Mwambie fundi afungue na sampu kutoa vipande vya plastiki vilivyoangukia humo. Kabla ya kuwasha, aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuhakikisha alama za taimingi zimekaa sawa. Spea za zamani uoneshwe.

Mjane wetu alitumia zamu yake ya upatu, ingawa alikuwa ameitengea bati. Kifuniko kilipofunguliwa, mwongozo mmoja ulikuwa umevunjika na cheni imekwisha kuchora mfereji kwenye chuma. Maji yalikuwa hayajapita. Bati zitangoja, lakini injini imepona, na ada za watoto bado zinatoka kwenye pikapu hiyo.

Basi, akina mama, badilisheni oili kwa wakati. Kwa magari yetu ya zamani na vumbi hili, kilomita 5,000 zisipite. Na asubuhi, kabla ya kufungua redio, lisikilizeni gari kwanza.

Tukutane mwezi ujao.