Dua na Breki

Mjini New York, Marekani, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, ilianza mwaka 1999 desturi ya kuzibariki baiskeli kwa maji. Vijana wetu wa Masasi na Newala waliposikia hayo walitaniana na wenzao Wakristo: nani atatangulia kuanguka, aliyenyunyiziwa maji au aliyepiga bismillahi? Utani wa ujirani hauna ubaya. Kutukana anachokiabudu jirani ndiko tulikokatazwa, Suratul An'am, aya 108. Sisi tunayo dua ya kupanda chombo, Suratuz Zukhruf, aya 13 na 14. Walakini Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali. Basi, enyi vijana, kabla ya kuteremka kutoka Newala kuja Masasi, kazeni breki, kisha someni dua. Korongo halimwulizi mtu dini yake.