Darasa la Sanaa Si Makaburi ya Lang'ata

Wasee, leo sizunguki. Ticha anayejisifu ati darasa lake la sanaa huwa kimya kama makaburi ya Lang'ata hajafundisha sanaa. Amelinda watoto mpaka kengele ikalia. Hiyo ni kazi ya soja, na soja anaifanya vizuri kuliko yeye.

Najua kuna walimu washakunja uso. Ngojeni nimalize, kuna mahali nawatetea.

Tuanze na zile silaha tatu ambazo kila mtu aliyesomea hii Kenya anazijua.

Ya kwanza ni orodha ya wapiga kelele. Ticha anatoka, kiranja anabaki na karatasi na kalamu, na ghafla amekuwa OCS. Nikiwa Darasa la Sita, shule fulani huku Eastlands ambayo sitaitaja, tulikuwa watu sita kwa pakiti moja ya rangi. Nikamnong'onezea jirani yangu anipitishie bluu. Kiranja akaandika jina. Nikamaliza kipindi nimepiga magoti nje kwa kokoto, na picha yangu ya Ziwa Nakuru ikabaki na flamingo bila maji. Sasa niambie, hiyo bluu ningeipata aje bila kufungua mdomo? Kwa ndoto? Mnatupatia pakiti moja tugawane, halafu mnatuadhibu kwa kugawana.

Silaha ya pili ni kunakili. Ticha anachora nyumba ubaoni: pembetatu juu, mraba chini, mlango mmoja, madirisha mawili, mti kando. Kila mtu anakili. Watoto hamsini, nyumba hamsini, zote sawa. Hata yule anayeishi ghorofa ya sita Pipeline, ambaye hajawahi kulala chini ya paa la pembetatu, anachora hiyo hiyo. Ni kweli darasa linatulia, juu hakuna cha kuuliza wala cha kufikiria. Elimo Njau, mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, amehubiri dhidi ya kunakili kwa miaka mingi. Kituo kiko hapa hapa Nairobi, na bado kwa madarasa yetu mtoto anayechora nyumba yenye roshani na nguo zimeanikwa anaambiwa, "Hujafuata maagizo."

Ya tatu ndiyo inaniudhi zaidi: "Mkiendelea na kelele, tunaweka rangi chini tunafanya hesabu." Hapo ticha ametukana masomo mawili kwa sentensi moja. Hesabu imekuwa kiboko, sanaa imekuwa peremende. Halafu tunashangaa kwa nini watoto wanachukia hesabu na wazazi wanaona sanaa ni mchezo.

Miaka ya mwisho ya 8-4-4 hiyo tabia ilipita, juu KCPE haikuwa inatahini sanaa tena. Kipindi kilikuwa kwa ratiba lakini hesabu ilikula, na hakuna mzazi aliuliza. Siku hizi mambo ni mengine. Januari 2026 kikosi cha kwanza cha Gredi ya 10 kiliingia sekondari ya juu, na moja ya zile njia tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa alama za kumpanga mtoto huko, 20% zinatoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kwa hivyo ukimtoa mtoto nje ya sanaa kila wiki kwa sababu ya kelele, hujamnyima starehe. Umemnyima somo, na pengine umemfungia njia kabla hajajua iko. Hakuna shule inayofuta kipindi cha sayansi ati kwa sababu watoto waliongea wakishika sumaku.

Sasa upande ule mwingine. Utaniambia, "Wewe hujawahi kusimama mbele ya watoto sitini wenye wembe, gundi na maji ya rangi." Ni kweli, sijawahi. Na sisemi watoto waachwe wapande meza. Mtoto anayemchomea mwenzake mkasi anafaa kusimamishwa saa hiyo hiyo. Swali langu ni kama kimya ndicho kinazuia hayo.

Enda Kamukunji pale jua kali, wanapotengeneza yale masanduku ya bati tuliyobeba Form One. Kelele ya nyundo inaweza kukutoa masikio. Lakini jaribu kuchezea kifaa cha fundi uone. Nyundo inarudi pale ilitoka. Anayejifunza anashikilia bati kwanza, anaangalia, ndipo anaruhusiwa kukata. Ukiharibu kipande, unakinyoosha wewe mwenyewe. Watu wanaongea, wanacheka, wanaulizana vipimo, na kazi inatoka. Hiyo ndiyo nidhamu ya mikono, na haijawahi kuhitaji mtu apige magoti kwa kokoto.

Chunguza darasa lolote la sanaa lenye fujo, utapata kelele nyingi inatoka kwa kungoja. Wanangoja karatasi zigawanywe. Wanangoja brashi moja izunguke. Yule amemaliza anangoja wengine. Mtoto wa miaka kumi asiye na kitu mkononi atatafuta cha kufanya, na shingo ya jirani iko karibu.

Basi muondolee kungoja. Karatasi ziwe kwa meza kabla waingie. Kama rangi haitoshi, nusu ya darasa ipake na nusu ikate ama ifinyange, halafu wabadilishane. Kila meza iwe na mtu wa maji, mtu wa brashi, mtu wa takataka, na wiki ijayo wapokezane. Wembe zihesabiwe zikitoka na zihesabiwe zikirudi, na hakuna anayeenda nyumbani hesabu ikipungua. Ukitaka wakusikilize, piga makofi matatu wajibu kwa matatu, badala ya kupiga mayowe mpaka sauti ikauke. Dakika kumi za mwisho ni za kusafisha, kila siku, hata kama picha haijaisha. Na mtoto akimwagia mwenzake rangi kwa kazi yake, akae naye waitengeneze. Kukata nyasi za shule hakurudishi picha ya mtu.

Hizi hazihitaji pesa ya serikali. Zinahitaji ticha aliyepanga.

Na kiboko tusikirudie. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema hivyo tena. Mwalimu anayeingia sanaa na fimbo anavunja sheria mbele ya watoto, halafu anawafundisha kufuata sheria.

Sasa hapa ndipo nawatetea walimu. Wengi wao wanajua haya yote. Wanachoogopa ni dirisha. Mwalimu mkuu anapita kwa koridoo, anasikia sauti, anachungulia, anaona watoto wamesimama na vidole vya kijani. Hajauliza wanafanya nini. Kwa kichwa chake, darasa lililokaa kimya limefundishwa na darasa lenye sauti limemshinda ticha. Mwisho wa siku anamwita ofisini. Wewe ungekuwa huyo ticha, kesho ungefanya nini? Ungechora ile nyumba ya pembetatu ubaoni, wanakili, uishi na amani.

Kwa hivyo, Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, acha kupima sanaa kwa masikio. Ingia ndani. Muulize mtoto mmoja anatengeneza nini na kwa nini amechagua hiyo rangi. Akikujibu, hilo darasa liko na nidhamu, hata kama ulisikia sauti yake ukiwa getini. Asipojua, hapo sasa mwite ticha.

Na nyinyi mnaosomea ualimu saa hii, najua mko hapa mnasoma: siku mtapewa darasa la sanaa, hiyo karatasi ya majina chukueni mchoree kitu upande wa nyuma.